Macho ya Keya: Baruti, Vioo na Deni la Kibra

Anayeshuka kutoka Olympic kuelekea Gatwekera, katikati ya wadi ya Sarang'ombe, haoni kitu cha kumkumbusha vita. Anaona mabati, vibanda vya mandazi, mitungi ya maji, nyaya za stima zilizosokotana juu ya vichochoro, na watoto wakirudi shule. Hata hivyo ardhi anayoikanyaga ni mshahara wa vita. Kibra ilikuwa msitu kabla haijawa mtaa, na msitu huo walipewa askari wa Kisudani, ambao wajukuu wao ndio Wanubi wa leo, kwa sababu Waingereza walikuwa wamewatumia kupigana na hawakutaka kuwalipa pensheni.

Historia yao ni ndefu. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert wanajeshi walioachwa nyuma na Emin Pasha, akawaingiza katika utumishi wa Waingereza huko Uganda. Januari 1902 jeshi la King's African Rifles liliundwa, jeshi ambalo wenyeji wa Afrika Mashariki walilifupisha wakaliita Keya. Kuanzia mwaka 1904 askari hao na familia zao wakaanza kupewa viwanja Kibra, nje kidogo ya mji mpya wa Nairobi. Mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Aliyetaka kukaa humo alihitaji kibali kilichothibitisha miaka yake ya utumishi. Hakupewa hati ya kumiliki. Tume ya ardhi ya miaka ya 1930 iliamua kwamba Wanubi ni wapangaji tu, wanaokaa kwa hisani ya serikali. Hati ya jamii waliipata Juni 2017 kutoka kwa Rais Uhuru Kenyatta, na eneo lililoandikwa humo ni ekari 288.

Deni la ardhi limeandikwa sana na litaendelea kuandikwa. Mimi nataka kufuata kiungo kimoja tu cha miili ya watu hao na ya waliowafuata vitani, nacho ni jicho. Katika miaka mia moja na ushee iliyopita, sayansi ya kuokoa jicho imejifunza mengi kwenye uso wa askari aliyelipukiwa. Askari wa Keya walikuwemo katika vita hivyo hivyo, mbele ya mizinga na maguruneti yale yale. Macho yao hayakuingia katika hesabu kama yalivyoingia macho ya wenzao wa Ulaya, na matunda ya elimu iliyopatikana yaliwafikia baada ya miaka mingi, tena kwa kuzungukazunguka.

Tuanze na jicho lenyewe. Sehemu inayoonekana wazi mbele ya mwili ni ndogo mno, chini ya sehemu moja kwa mia ya eneo lote la mwili. Kama risasi na vipande vya chuma vingekuwa vinatawanyika bila mpango, majeruhi wa macho wangekuwa nadra sana. Katika vita vya Crimea na vile vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, karne ya 19, walikuwa kweli nadra: karibu nusu ya asilimia moja ya majeruhi wote. Kisha idadi ikaanza kupanda. Katika vita vya Urusi na Japani, mwaka ule ule wa 1904 Wanubi walipokuwa wakifyeka msitu wa Kibra, ilivuka asilimia 2. Ilibaki hapo hapo katika vita vyote viwili vya dunia. Vietnam ilifika kati ya 5 na 9. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, karibu majeruhi 13 kati ya kila 100 wa Marekani walikuwa wameumia macho.

Jicho halikubadilika. Kilichobadilika ni silaha. Risasi humtafuta mtu mmoja, ilhali mlipuko hurusha maelfu ya vipande vidogo kwa mpigo mmoja. Kipande kidogo kama punje ya mchele kikigonga bega huacha kovu, na askari huenda asikumbuke kilimpata lini. Kikigonga jicho, kimemaliza kazi. Kuna jambo jingine pia: helmeti na fulana za kukinga risasi ziliokoa watu ambao zamani wangekufa kwa majeraha ya kifua na kichwa, na hao waliookoka ndio waliorudi na nyuso zilizochomwa na macho yaliyopasuka.

Mlipuko huumiza jicho kwa njia kadhaa. Kwanza linafika wimbi la mgandamizo wa hewa. Ukuta wa jicho ni mwembamba na ndani yake kuna maji, kama yai bichi, kwa hiyo msukumo huo unaweza kuvujisha damu ndani, kung'oa retina au kuisogeza lenzi kutoka mahali pake hata pasipokuwa na tone la damu nje. Kisha vinafuata vipande: chuma, mawe, mchanga, vioo, mara nyingine hata mifupa ya mtu aliyekuwa karibu. Baadaye mtu mwenyewe hurushwa akagonga ukuta au gari. Juu ya yote hayo kuna moto na kemikali. Watu hudhani kope zitaokoa. Kope huchukua karibu sehemu ya kumi ya sekunde kufumba, na kipande kinachokwenda mita 500 kwa sekunde kinakuwa kimekwisha kupita mita 50 kabla hazijafumba.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki, Agosti 1914, Keya ilikuwa jeshi dogo. Kufikia mwisho wa vita ilikuwa imepanuka hadi vikosi 22. Nyuma ya askari walitembea wapagazi wa Carrier Corps. Kwa upande wa Waingereza pekee wapagazi walifikia takriban milioni moja, na karibu 100,000 kati yao walikufa, wengi kwa njaa, kuhara na homa. Jina la jeshi hilo ndilo lililozaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Vita hivi huelezwa kama vita vya porini, vya kutembea na kuvizia, na ni kweli. Lakini mizinga ilikuwepo. Meli ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilipoharibiwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, mabaharia wake waliiondoa mizinga yake kumi, wakaifungia magurudumu, na wapagazi wakaiburuta kupigana nchi kavu. Waingereza nao walileta mota za Stokes na maguruneti ya Mills. Mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, kusini mwa Tanzania ya leo, yalikuwa kati ya makali kuliko yote ya kampeni hiyo, na waliopigana pande zote mbili walikuwa hasa Waafrika, pamoja na Wanigeria waliokuwa wameletwa kutoka pwani ya magharibi.

Huko Ulaya, wakati huo huo, jicho lilikuwa limeanza kushughulikiwa. Mwaka 1915 jeshi la Uingereza lilianza kugawa helmeti za chuma. Daktari wa macho Richard Cruise alibuni pazia dogo la minyororo myembamba la kuning'inia mbele ya helmeti ili kuzuia vipande, lakini askari hawakulipenda kwa kuwa lilibughudhi kuona. Hospitali zilikuwa na sumaku kubwa za umeme, zilizotokana na kazi ya Otto Haab wa Zürich mwaka 1892, zilizoweza kuvuta kipande cha chuma kutoka ndani ya jicho. Na mwaka huo wa 1915, mchapishaji magazeti Arthur Pearson, aliyekuwa amepofuka mwenyewe, alianzisha St Dunstan's jijini London ili wanajeshi waliopofuka wafundishwe breli, kupiga taipu, kukanda misuli, ufugaji wa kuku, useremala.

Askari wa Keya alikuwa na kofia ya kitambaa. Akilipukiwa Mahiwa, alibebwa kwa machela kwa siku nyingi porini, jicho likioza njiani. Madaktari wa wakati huo walikuwa na hofu ya haki: jicho lililopasuka likiachwa, mwili unaweza kuligeukia lile zima na kulivamia kana kwamba ni adui, mtu akabaki kipofu wa macho yote mawili. Kwa hiyo kanuni ilikuwa kuling'oa lililoumia, ikiwezekana ndani ya wiki mbili. Na kampeni ya Afrika Mashariki ilikuwa na njia mbaya sana za kuwafikisha majeruhi kwa daktari. Na hakuna St Dunstan's iliyomngoja Nairobi. Lililomngoja Mnubi lilikuwa kiwanja cha Kibra na kibali cha kukaa, awe anaona au haoni. Mwenzake mpagazi, Mkavirondo au Mgiriama au Mnyamwezi, hakupata hata hicho. Sanamu zao zilisimamishwa katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue mwaka 1928, askari na mpagazi wakitazama mbele kwa macho mazima ya shaba.

Mtu mmoja aliyepofuka katika vita hivyo alikuja kuwa na faida kubwa kwetu. Clutha Mackenzie alikuwa kijana wa New Zealand. Agosti 1915, kwenye kilima cha Chunuk Bair huko Gallipoli, kombora lilimpofua macho yote mawili. Alifundishwa St Dunstan's, akarudi kwao, akawa mbunge, akaongoza taasisi ya wasioona. Katika Vita vya Pili alianzisha Dehra Dun kituo cha wanajeshi wa Kihindi waliopofuka. Baadaye alifanya kazi na UNESCO kuleta mwafaka wa breli, ili alama za nukta sita zisomwe kwa utaratibu mmoja katika lugha nyingi za dunia. Kisha, katika miaka ya 1950, akaenda Uganda, akasaidia kuunda shirika la wasioona na kituo cha Salama, ambako vipofu walifundishwa kilimo: kupanda, kupalilia, kufuata mistari ya mazao kwa kamba na kwa miguu. Naona jambo la kutia moyo katika maisha hayo. Elimu ile ilizaliwa kwenye jeraha la kombora, na mwenye jeraha akaileta mwenyewe hadi kwa mkulima wa Uganda ambaye hajapata kuona mzinga.

Vita vya Pili vilichukua watu wengi zaidi. Kutoka Kenya pekee waliingia jeshini karibu 98,000. Wanubi wa Kibra walikuwemo, mara nyingi wakiwa masajini na wakufunzi, ingawa sasa walizidiwa kwa idadi na Wakamba, Wakalenjin, Waluo na wengine. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, kisha wakavuka bahari kwenda Burma. Baadhi hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imejaa wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilipigwa na torpedo za Wajapani katika Bahari ya Hindi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 hadi kuuvuka mto Chindwin. Hapo milipuko ilikuwa ya namna nyingine. Wajapani walikaa katika mashimo yaliyofunikwa kwa magogo, wakarusha maguruneti kwa mota ndogo za mkononi na kuacha mitego njiani. Kombora lililolipuka juu ya miti lilimwagia chini vipande vya chuma pamoja na vibanzi vya mbao na mianzi. Kibanzi cha mwanzi ndani ya jicho ni balaa mara mbili, kwa sababu sumaku haikivuti na kuvu huingia nacho. Hata mabomu ya ardhini ya vita hivyo yalikuwa mara nyingi na vipande visivyovutwa na sumaku. Chombo kilichokuwa fahari ya madaktari katika vita vya kwanza kikawa hakitoshi.

Afueni ilitoka kwingine. Dawa za salfa, na baadaye penisilini, zilizuia usaha ulioua macho mengi hapo awali. Na mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, Jeshi la Wokovu lilianzisha Thika kituo cha kuwafunza upya wanaume waliopofuka vitani. Kituo hicho ndicho kilichokua kikawa Shule ya Wasioona ya Thika. Watu wengi waliosoma hapo, au waliosikia watoto wake wakiimba, hawajui kwamba mbegu yake ilikuwa askari waliolipukiwa. Nasisitiza jambo hili. Elimu rasmi ya watu wenye ulemavu wa kuona nchini Kenya haikuanza kwa sababu watoto vipofu walikuwa wengi, ingawa trakoma na surua vilipofusha maelfu. Ilianza kwa sababu wanaume waliorudi kutoka vitani hawangeweza kufichwa. Mtoto kipofu wa kijijini alikuja kupata nafasi kwenye dawati lililoandaliwa kwa ajili ya mwanajeshi.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Mwaka 1950 John Wilson alianzisha London shirika la wasioona wa himaya ya Uingereza, linaloitwa leo Sightsavers. Alikuwa amezunguka Afrika baada ya vita akichunguza upofu. Yeye mwenyewe alipofushwa na mlipuko, si wa vita, bali wa maabara ya kemia shuleni mwaka 1931 akiwa na miaka 12. Mwaka 1956 Kenya ikapata sheria iliyounda Kenya Society for the Blind.

Kuna jicho moja la Vita vya Pili ambalo limewafikia wazee wa Kibra moja kwa moja. Tarehe 15 Agosti 1940, juu ya kusini mwa Uingereza, ndege ya rubani Gordon Cleaver ilipigwa. Kifuniko cha chumba chake, kilichokuwa cha plastiki ngumu iitwayo Perspex, kililipuka mbele ya uso wake. Hakuwa amevaa miwani yake ya kurukia. Jicho moja lilipotea kabisa na jingine likabaki na vipande ndani yake. Daktari Harold Ridley wa hospitali ya St Thomas', mmoja wa waliomtibu, aligundua kitu ambacho wengine hawakukizingatia. Vipande vya kawaida huchochea uvimbe na kuharibu jicho. Hivi vya plastiki vilikaa tu, jicho likavivumilia.

Ridley alitumikia jeshi Gold Coast, Ghana ya leo, ambako alichunguza upofu wa mtoni, kisha akaenda India na Burma, upande ule ule walikokuwa Keya. Aliporudi London alitengeneza lenzi ndogo ya plastiki ya aina hiyo. Novemba 29, 1949 alimfanyia upasuaji mgonjwa wa mtoto wa jicho ili kumwekea lenzi hiyo mahali pa ile iliyofifia. Wakubwa wa fani yake walimpinga kwa miaka mingi, wakaona ni wazimu kuacha kitu kigeni ndani ya jicho ilhali kazi ya daktari ilikuwa kuvitoa. Leo upasuaji huo hufanywa kwa mamilioni duniani kila mwaka. Bibi wa Makina au babu wa Sarang'ombe anayepelekwa hospitali ya Kikuyu, Loresho au Kenyatta kutolewa mtoto wa jicho hurudi nyumbani na lenzi iliyotokana na plastiki ya ndege iliyolipuka. Cleaver mwenyewe alikuja kuwekewa lenzi hiyo mwaka 1987, karibu nusu karne baada ya jicho lake kuifundisha dunia.

Baada ya uhuru Kenya ilipigana vita vya Shifta kaskazini mashariki, ambako mabomu ya kutegwa ardhini yalianza kulipua malori ya jeshi na polisi. Vita hivyo vimeandikwa kidogo mno. Lakini siku ambayo wakazi wa Nairobi walijifunza mlipuko unafanya nini kwa macho ilikuwa Ijumaa, Agosti 7, 1998.

Saa nne na nusu asubuhi hivi, lori lililojaa vilipuzi lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, pembeni mwa Haile Selassie Avenue na Moi Avenue. Mlinzi alikataa kufungua kizuizi. Mmoja wa washambuliaji akarusha guruneti la kushtua. Sauti ile ndiyo iliyowapofusha watu. Maofisini, katika Cooperative House na majengo ya jirani, wafanyakazi waliinuka kutoka kwenye meza zao wakaenda dirishani kuona kuna nini barabarani. Wengine walikuwa ndani ya mabasi wakageuza nyuso upande ule. Sekunde chache baadaye lori likalipuka. Jengo la Ufundi lilianguka, na mamia ya madirisha yakageuka kuwa visu vilivyoruka kwenda ndani ambako nyuso zilikuwa zimesogezwa karibu na kioo. Watu 213 walikufa Nairobi, na maelfu wakaumia. Dar es Salaam walikufa 11 asubuhi ile ile.

Nimeona mahali pengi watu wakisema kwamba waliopofuka siku ile walikuwa na bahati mbaya. Sikubaliani. Kioo cha kawaida cha dirisha huvunjika vipande virefu vyenye makali, na jeshi lolote lilijua hilo tangu mabomu yalipoanza kuangushwa juu ya miji: Waingereza wa vita vya pili walibandika karatasi kwenye vioo vya nyumba zao. Elimu hiyo ilikuwepo kwa miaka zaidi ya hamsini. Haikuwekwa kwenye madirisha ya mji ambao hakuna mtu aliyeutarajia kuwa uwanja wa vita.

Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambayo watu wa Kibra huifikia kwa miguu, ilijaa kwa saa chache. Madaktari wa macho walishona konea, wakatoa vigae vya vioo, wakaondoa macho yasiyoweza kuokolewa. Kioo ni kigumu zaidi ya chuma kwa daktari kwa sababu hakivutwi na sumaku na ndani ya jicho kinafanana na maji. Wengi waliokuwa na chongo au upofu kamili baada ya siku ile hawakuwa wanajeshi kamwe: makarani, wauza magazeti, wasichana wa chuo cha uhazili kilichokuwa katika Ufundi, abiria wa matatu.

Douglas Sidialo alikuwa mmoja wao, mfanyakazi wa mauzo aliyekuwa akipita karibu na hapo. Alipoteza macho yote mawili. Alijifunza upya kutembea kwa fimbo nyeupe na kusoma kwa vidole, na mwaka 2005 akafika kileleni Kilimanjaro pamoja na Erik Weihenmayer, Mmarekani asiyeona aliyepanda Everest. Baadaye aliendesha baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town. Kwa miaka mingi amekuwa sauti ya wahanga wanaodai fidia. Na hapo ndipo moyo unauma. Sudan ilipokubali kulipa dola milioni 335 ili iondolewe kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi, fedha hizo zilikwenda kwa Wamarekani na kwa waliokuwa wafanyakazi wa balozi. Mkenya aliyepofushwa akiwa amekaa kwenye basi hakuwemo. Bustani ya kumbukumbu ilifunguliwa pale pale mwaka 2001, na majina yamechongwa ukutani, lakini ukuta huo ni wa waliokufa. Waliopoteza macho wangali wanapita mitaani, na wengi wao bado hawajalipwa.

Mlipuko si lazima uwe wa adui. Katika nyanda za Samburu na Laikipia, karibu na Archers Post na Dol Dol, jeshi la Uingereza limefanya mazoezi tangu zamani, na makombora yasiyolipuka yalibaki nyasini. Wachungaji, wengi wao watoto, waliokota vyuma hivyo. Wako waliopoteza maisha, mikono, macho. Julai 2002 wizara ya ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200. Angalau hapo jicho la mchungaji lilikubaliwa kuwa na thamani inayoweza kuandikwa kwenye hundi.

Oktoba 2011 Kenya ilipeleka jeshi Somalia. Tangu hapo silaha inayowaumiza zaidi wanajeshi na polisi wetu ni kilipuzi cha kutegwa barabarani na gari lililojazwa baruti. Kambi yao ya El Adde huko Somalia, Januari 2016, ilivamiwa kwa kuanza na gari la namna hiyo. Huko Mandera, Garissa na Lamu magari ya polisi yamelipuliwa mara nyingi. Kilipuzi kilichozikwa ardhini hupeleka changarawe na mchanga kutoka chini kwenda juu, chini ya ukingo wa helmeti, moja kwa moja machoni. Majeruhi hupelekwa kwa ndege Nairobi, na wanajeshi hufikishwa katika hospitali yao iliyo Mbagathi Way, si mbali na Kibra.

Wakifika mapema, hali ni tofauti sana na ya babu zao wa Mahiwa. Tangu Robert Machemer alipobuni mwanzoni mwa miaka ya 1970 njia ya kuingiza vyombo vyembamba ndani ya jicho na kusafisha ute wake uliojaa damu, retina iliyong'oka inaweza kurudishwa na kioo kikatolewa bila sumaku. Lakini yote hutegemea saa za kwanza, mbali kabla ya daktari. Jicho lililopasuka lisisuguliwe, lisioshwe, lisifungwe kwa bandeji inayobana, wala kipande kilichojichomeka kisichomolewe. Hufunikwa kwa kitu kigumu kisichogusa mboni, hata kitako cha kikombe cha plastiki, kisha mgonjwa akapelekwa hospitalini haraka akiwa ameinua kichwa. Mwenzake wa kikosini akijua hayo tu, jicho lina nafasi. Maarifa haya yatawafaa pia wachomeleaji wa vyuma wa Kawangware na Kibra, ambao cheche na vipande vya grainda huwafanyia kila siku kile ambacho guruneti humfanyia askari.

Na ipo kinga rahisi kuliko upasuaji wote. Miwani ya polikaboneti yenye unene wa milimita chache huzuia vipande vidogo vingi. Wamarekani walipolazimisha wanajeshi wao kuivaa huko Iraq na Afghanistan, waliovaa waliumia macho kwa kiasi kidogo kuliko wasiovaa, na vijana waliikubali ilipotengenezwa kwa umbo walilolipenda, jambo ambalo Richard Cruise na pazia lake la minyororo hawakulipata. Miwani hiyo ni ya bei nafuu kuliko tairi la lori. Polisi wa akiba anayelinda basi kati ya Mandera na Elwak, akiwa na bunduki kuukuu na viatu alivyonunua mwenyewe, anapaswa kupewa yake kabla ya doria ijayo, pamoja na kifuniko kigumu cha jicho kwenye sanduku la huduma ya kwanza na mwenzake mmoja aliyefundishwa kukitumia.